Gia Zilizosuguliwa kwa Majivu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa mtu wa namna hiyo gari bovu si kitu cha kumkabidhi. Hata hivyo, miaka ile ya Mwingereza nilikabidhiwa pikapu ya wakulima wachache wa Nkoaranga, watu wa kahawa na migomba, waliokuwa wamechoka kuwaona wake zao wakishuka mlima na magunia kichwani. Lilikuwa gari lililotoka jeshini, likapita kwa mlowezi mmoja, kisha kwa mtu aliyekuwa akibadili kila kilichovunjika kwa chochote kilichopatikana. Tulilipenda hivyo hivyo. Watoto walilijua kwa mlio kabla halijatokeza konani, na mimi kwa mlio huohuo nilijua kwamba siku moja litanitia aibu.

Siku yenyewe ilikuja mwishoni mwa kiangazi. Nilikuwa napanda kutoka Usa, chini ya mlima, nimefika mahali pakali kuliko pote, mpira wa maji ukapasuka. Injini ilichemka, ikatoa mvuke, ikagonga mara chache kama mtu anayebisha hodi kwa jazba, ikanyamaza. Watu walitoka mashambani, tukalisukuma mpaka ua wa karibu. Na ua wa karibu, kwa bahati yangu, ulikuwa wa mama mkwe wangu.

Asiye wa huku kwetu hataelewa ukubwa wa msiba huo. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, hali mbele yake, na la kumwambia humwambia mkewe, naye mke ndiye anayelifikisha. Kupaza sauti uani kwake ni jambo ambalo hata mlevi hulifikiria mara mbili. Gari lilikuwa limenifia mahali pekee duniani ambapo nisingeweza kulitukana.

Tena si hilo tu. Juma lilelile nilikuwa nimeahidi, kwa kinywa cha mke wangu, kumpeleka mama mkwe kwa dada yake mkubwa aliyekuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya Momela. Huyo dada alikuwa mgonjwa. Mtu mmoja aliyetoka huko na punda alileta habari kwamba hali tena chochote ila uji mwepesi, na kwamba anamtaja mdogo wake kila anapoamka. Walikuwa hawajaonana tangu mama mkwe aanze kuumwa magoti. Magari ya walowezi yalipita njia ile, lakini hayakuwa magari ya kusimamishwa na watu kama sisi. Na masika yalikuwa yananukia. Njia ya Momela ikishalowa, hata ng'ombe huiogopa. Basi jambo lilikuwa moja: gari lipone kabla ya mvua, ama yule dada afe bila kumwona mdogo wake.

Nikateremka Arusha kumtafuta fundi.

Alikuwa mtu wa asili ya Tanga, Mwislamu, aliyeishi katika mitaa ya zamani ya mji, na karakana yake ilikuwa ua uliokuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Injini alijifunza jeshini wakati wa vita. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili kiasi kwamba alipokuwa akila aliitumia kwa hadhari, kana kwamba ni ya kuazima. Kiswahili chake kilitufanya sisi watu wa mlimani tujisikie tunatafuna mawe. Nilimweleza shida yangu kwa kirefu, pamoja na habari za magoti, uji na punda, na alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mafundi hawana desturi nalo. Kesho yake alipanda kwa lori la kahawa, vyombo vyake vyote vikiwa ndani ya karai moja kubwa la bati alilolibeba kichwani kutoka barabarani.

Alipoingia uani alimwamkia mama mkwe shikamoo, akainama kidogo, ndipo akafungua boneti. Nilimpenda kwa hilo tu.

Silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba vali, ilikuwa na ufa kati ya vali mbili. Hiyo haikuwa na dawa, ilihitajika nyingine kutoka Nairobi. Kisha akafungua na kifuniko cha mbele, akaishika cheni ya taimingi kwa kidole akaivuta. Ikalegea kama mkanda wa mtu aliyetoka kuugua. Akasema tuagize na cheni, maana kuweka hedi mpya na kuiacha cheni ile ni kumvalisha mtu kofia mpya na viatu vilivyotoboka.

Hapo ndipo alipotoa kikopo cha rangi nyekundu. Alinieleza, naye mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akimenya ndizi. Ndani ya injini, alisema, kuna vyuma viwili vinavyozunguka: kimoja kinapandisha na kushusha pistoni, kingine kinafungua na kufunga vali. Cheni ndiyo inayovifungamanisha. Vikipishana kwa jino moja tu, gari litakohoa na kukataa mlima. Vikipishana zaidi, vali na pistoni zinaweza kugongana, na hedi mpya ikaharibika siku ileile iliyofungwa. Kiwandani huwa wanaweka nukta kwenye gia mbili za cheni ili fundi azielekezane. Ila gia moja ya gari letu ilikuwa ya gari jingine, na nukta yake ilikuwa inasema uongo. Kwa hiyo alitia alama zake mwenyewe, tone moja jekundu huku na jingine kule, zikitazamana.

Baada ya hapo alizitoa gia, akaizungusha krenki, kile chuma cha pistoni, ili akwangue masizi juu ya kila pistoni, akauzungusha na mhimili wa vali kuukagua. Hakuwa na wasiwasi, kumbukumbu yote ilikuwa kwenye zile nukta mbili. Akazitia gia ndani ya karai lake pamoja na boliti, akafunika kwa jani la mgomba, akalichukua kwa mikono miwili mpaka mlangoni pa jiko.

"Mama," alimwambia, "nakuachia amana yangu. Hii ndiyo safari yako."

Mama mkwe alilipokea karai naye kwa mikono miwili. Sikumtazama usoni, lakini niliona jinsi alivyolibeba kuingia nalo ndani.

Tukangoja Nairobi. Kungoja hakunifai. Kila asubuhi nilitazama mlima kuona kama wingu limeshuka, na kila jioni mke wangu aliniambia kwamba mama yake ameshafunga mzigo wake wa safari, anaufungua, anaufunga tena. Yule mtu wa punda alipita mara nyingine. Alisema mgonjwa sasa anaota mdogo wake yuko mlangoni, anaagiza afunguliwe.

Hedi ilipofika kwa basi, ndani ya sanduku la mbao lenye vumbi la njia nzima, fundi alipanda siku ileile. Sijaona mtu akifanya kazi namna ile. Aliikagua gasketi mbele na nyuma, akaikaza hedi kutoka katikati kwenda pembeni, akirudi nyuma kila mara, kidogo huku, kidogo huku, hana pupa, huku mimi nikitetemeka kwa pupa kwa niaba yake. Mwishowe akanyoosha mgongo akaomba karai.

Mke wangu akalileta. Fundi akafunua jani.

Vilikuwa viking'aa. Karai lenyewe liling'aa, boliti ziling'aa, na zile gia mbili, zilizokuwa nyeusi kwa oili na uzee, zilikuwa nyeupe kama masufuria ya siku ya harusi. Mama mkwe alikuwa amezisugua kwa majivu na mchanga wa mtoni, jino kwa jino, mpaka ndani ya vitundu. Huko kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kichafu. Ukiazimwa chungu, ukiachiwa kibuyu, unakirudisha kisafi kuliko kilivyokuja, tena kwa heshima huwekwa kitu ndani. Na huyu alikuwa ameachiwa amana na mgeni, akaambiwa kwamba ndiyo safari yake. Angefanyaje? Ameisafisha safari yake.

Rangi nyekundu haikuwepo hata chembe.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua kinywa, nikakumbuka nipo uani kwa nani, nikakifunga. Nikachukua panga, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaikata migomba iliyokwisha kuzaa mpaka jasho likanitoka. Ilikuwa kazi iliyohitaji kufanywa, na mke wangu baadaye alinishukuru kwa uchungu kidogo, maana nilikata na mmoja uliokuwa bado.

Niliporudi, fundi alikuwa amechuchumaa na gia moja mkononi, akiigeuza juani. Mama mkwe alikuwa mahali pake mlangoni pa jiko. Nilitegemea nione uso wa mtu aliyepoteza kazi yake. Badala yake nilimsikia fundi akimwambia, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba amefanya kazi jeshini na mjini, na hajapata kuona vyuma vyake vikitunzwa hivi. Kwamba hata yeye anaona haya kuvishika kwa mikono hii. Mama mkwe akacheka kidogo, akashukuru kwa Kiswahili chake cha mlimani.

Kisha fundi akanisogelea, akasema bila kunitazama:

"Usimwambie. Wala mkeo usimwambie. Ukimwambia, ataipanda gari hii kama mtu aliyeiba."

Nikamwuliza sasa tutafanyaje bila alama. Akasema alama ni ya mvivu, injini yenyewe inajua. Nilidhani anatania.

Hakuwa akitania. Kwanza aliziteremsha pistoni zote mpaka katikati, ili vali zitakaposhuka zisikute kitu cha kugonga. Kisha akaugeuza mhimili wa vali taratibu kwa mkono, huku kidole kiko juu ya vali za silinda ya nne. Alikuwa akitafuta ile nukta ambapo vali moja inamalizia kufunga na mwenzake ndiyo kwanza anaanza kufungua, kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Hapo, alinieleza, silinda ya kwanza iko tayari kulipuka, maana ya kwanza na ya nne hupanda pamoja na kushuka pamoja, lakini kazi zao ni kinyume. Alinishika kidole akakiweka pale. Nilisikia kweli: kimoja kinarudi, kingine kinakuja. Nilikuwa nimeendesha gari lile miaka, na siku hiyo ndiyo kwanza nililisikia likipumua.

Ikabaki pistoni. Akatia spoku ya baiskeli kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, akaizungusha krenki. Spoku ilipanda. Nilipoona imefika juu nikasema hapo, akatikisa kichwa. Kule juu kabisa, alisema, pistoni hupumzika kidogo, na aliyepumzika hakuambii amepumzika tangu lini. Basi akachora kwa penseli mahali spoku ilipofika kimo fulani ikipanda, akaivusha juu, akachora tena ilipofika kimo kilekile ikishuka, akagawa katikati ya michoro hiyo miwili. Akairudisha krenki pale katikati. Cheni mpya akaivika gia zote mbili, akazisukuma kwa pamoja kila moja mahali pake, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, sikio lake likiwa karibu na chuma na macho yamefumbwa. Haikugonga kitu. Vali za silinda ya nne zikapishana tena palepale, na spoku ikasimama palepale.

Nikasema haya, tufunge, tuondoke. Juu ya Meru wingu lilikuwa limeshakaa.

Fundi akazitoa gia tena.

Nilihisi panga likiniita. Lakini yeye alikwenda akachukua tindo na nyundo ndogo, akaweka gia juu ya jiwe, akapiga kwa upole pale alipokuwa amechora kwa penseli kabla ya kuzitoa, mpaka pakawa na mkato mdogo kwenye chuma, kisha mkato mwingine kwenye gia ya pili, zikitazamana, mahali hasa pa zile nukta nyekundu. Kazi ya kukata chuma kigumu vile si ya haraka. Nikamwuliza, kwa ukali niliouficha vibaya, kwa nini asipake rangi tu.

Akasema taratibu, "Rangi si ya nyumba hii. Hapa pana watu wasafi. Acha mama asugue apendavyo."

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Kisu chake kilisimama kidogo, kikaendelea.

Hendeli nilizungusha mimi. Mara ya kwanza likakohoa, mara ya pili likashika, na mlio uliotoka haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa laini, wa kupanga, mpaka watoto wa jirani walikuja kuuliza limeletwa gari gani. Fundi alisimama amefumbata mikono yake myeusi. Nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa nilikuwa bado nimemkasirikia kwa ajili ya tindo, nilimpiga tu begani.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Mbele, mke wangu alikaa katikati ili mimi na mama mkwe tusigusane, na mama mkwe akatazama nje upande wake njia nzima, nami nikatazama barabara, hivi kwamba watu watatu tulisafiri tukiwa na shingo tatu za mbao. Fundi alikaa nyuma na vyombo vyake, kwenye gunia. Alikataa kubaki, akasema anataka kuisikia injini ikipanda. Ilipanda. Pale palipokuwa pakinilazimisha kumwomba Mungu, sasa nilipita nikiimba moyoni tenzi za Jumapili. Tukayapita maziwa ya Momela, nyati wakitutazama kwa dharau yao, na alasiri tukaingia kwa dada.

Alikuwa hai. Alikuwa amenywea sana kitandani, lakini mdogo wake alipoinama mlangoni yule mgonjwa alisema, kwa Kimeru, "Umechelewa," na wote wawili wakaanza kulia. Tukawaachia nyumba. Tuliketi nje chini ya ukuta, fundi na mimi, tukapewa maziwa, na baada ya muda kilio ndani kikageuka maneno, na maneno yakageuka kicheko cha vizee viwili vinavyokumbushana mambo ya usichana. Fundi hakuwa na neno hata moja la Kimeru. Alisikiliza kama anavyosikiliza injini, kichwa kimeinama, anatabasamu.

Tulirudi kesho yake na mvua nyuma yetu. Iliposhika, ilishika kweli. Njia ya Momela ilifungwa, na ndani ya masika hayo yule dada alifariki. Mama mkwe hakuweza kwenda kuzika. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake amelia kidogo tu, akasema ameshaaga.

Karai la fundi lilikuwa limebaki Nkoaranga kwa haraka ya safari. Mvua zilipopungua na nilipokuwa nateremka mjini, mke wangu alinipa karai hilo limefunikwa kwa majani ya mgomba na kufungwa kwa kamba, akasema mama ameagiza lifike kwa fundi mwenyewe, mkononi. Lilikuwa zito. Sikushangaa; nimeshasema chombo hakirudi kitupu.

Nilimkuta fundi uani kwake, chini ya gari la mtu. Akatoka, tukakata kamba pamoja. Ndani mlikuwa na ndizi mbivu, na kibuyu kidogo cha maziwa, na karai lilikuwa limesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Juu ya vyote palilazwa jani moja refu la kijani, limefungwa fundo.

Fundi akauliza jani hili ni la kufunikia au la kupikia.

Lilikuwa jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Kwetu, mtu aliyemkosea mwenzake akitaka kusamehewa, humpelekea isale, na yule aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama ni damu iliyomwagika. Mtu mzima halipeleki kwa mchezo, wala mama wa umri ule halipeleki kwa mgeni wa umri wa mwanawe. Sikuwa nimemwambia. Mke wangu sikumwambia. Lakini alikuwa ameketi mlangoni pa jiko siku ya rangi, na alikuwa ameketi palepale siku ya tindo, na macho yake hayakuwa na ugonjwa wa magoti. Njia nzima ya Momela, shingo ile imegeukia dirishani, alikuwa anajua.

Nikamweleza fundi maana yake.

Akanyoosha mkono alichukue, akautazama ule mkono, akaurudisha. Kisha akainuka, akaenda kwenye pipa la maji, akachota majivu jikoni kwa mkewe, akaanza kunawa. Alisugua vidole, alisugua chini ya kucha, alisugua viganja mpaka viwiko, akasuuza, akarudia, nami nikiwa nimesimama pale na karai sioni hata pa kulitua. Ndipo akaja, akalichukua jani kwa mikono miwili.